Hukumu ya Kipandio cha Saba

Mshonaji aliingia mahakamani mkono wa kulia ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, wifi yake akimfuata nyuma na mkoba. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu aanguke kwenye ngazi ya nyumba aliyopanga. Mfupa wa kifundo cha mkono uliunga vibaya, na daktari alishamwambia bila kumficha: asipopasuliwa akawekewa chuma, vidole vile havitashika sindano tena. Gharama hizo hakuwa nazo. Mwenye nyumba naye alisema hahusiki. Ndipo akashtaki.

Mwenye nyumba huyo wapangaji walimwita Mzee Funguo, kwa lile shada la funguo lililokuwa likilialia kiunoni pake kila apitapo. Alikaa benchi la mbele na wakili wake, hakugeuka nyuma.

"Leo hazilii," wifi akanong'ona. "Zimeshikwa na baridi."

"Nyamaza, wifi. Hapa si sebuleni kwako."

Ngazi yenyewe ilikuwa ya mbao, iko nje ya nyumba, na familia nne za ghorofani zilipanda hiyo hiyo. Kipandio cha saba kilikuwa kimeoza. Mara tatu mshonaji alimwendea Mzee Funguo, mara tatu akaambiwa fundi yu njiani, na fundi hakuonekana hata kivuli. Sasa washonaji wana mazoea yao: nguo ikiletwa imechanika, hufungia uzi mwekundu pale palipoharibika, jicho lisije likapasahau. Kwa mazoea hayo akakata utepe mwekundu, akaufunga kwenye nguzo kando ya kipandio kile, watoto wa majirani wasiumie. Kikamvunjikia yeye mwenyewe, siku aliyokuwa akishuka na furushi la nguo lililomfika kidevuni.

Wakili aliuinua utepe ule kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Mama, huu uliufunga wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kipandio kilikuwa kibovu."

"Kwa hiyo ulijua ni kibovu, na bado ukakikanyaga."

Wifi alifumba macho. Nyumbani alikuwa amemsihi aseme utepe ulifungwa na watoto. Mshonaji akamjibu kwamba ataapa kwa jina la Mungu, na kwa Mungu hakuna mlango wa uani.

"Nilijua," akasema. "Furushi lilinizuia kuona. Nikahesabu vipandio, nikakosea hesabu."

Wakili akaketi, uso umemjaa raha. Mshonaji aliporudi kwenye benchi wifi akamwambia, "Umempa mpini, wewe ukashika makali."

"Nimesema kweli. Yaliyobaki si yangu."

Ikafika zamu ya Mzee Funguo. Angejibu kwa ufupi angenusurika, lakini mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kujisifu. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akamuuliza, "Na wewe huipanda ngazi hiyo?"

"Kila mwezi, mheshimiwa. Na umri wangu huu, sijateleza hata siku moja."

"Unafanyaje?"

"Kile cha saba nakiruka. Mtu mwenye akili huangalia anapokanyaga."

Wakili akainama, akaanza kutafuta kwenye makaratasi kitu ambacho hakikuwamo.

"Tangu lini unakiruka?"

"Tangu mwaka ja..." Mzee akasita. Lakini neno likishatoka halirudi.

Wiki mbili baadaye hukumu ikasomwa. Mshonaji alisikiliza huku midomo ikimcheza kwa dua. Ngazi ile, hakimu alisema, ni ya wapangaji wote, na kinachotumiwa na wote hubaki mikononi mwa mwenye nyumba. Alijua imeoza, aliombwa, akachagua kuruka. Utepe wa mpangaji ulionya watu. Haukumwondolea mwenye nyumba wajibu wa kutengeneza. Mpangaji naye alizembea kidogo kushuka na mzigo uliomziba macho, kwa hiyo sehemu moja katika kumi ya hasara ataibeba mwenyewe. Tisa zilizobaki, upasuaji ukiwemo, ni za mwenye nyumba.

"Hiyo moja ya nini tena?" wifi akanung'unika.

"Ya furushi. Ni haki, iache."

Nje, Mzee Funguo aliwasubiri penye kivuli cha ukuta. "Umenileta mahakamani kama mwizi."

"Mzee wangu, nilikuja kwako mara tatu kabla ya kuja hapa. Ungenisikia mlangoni pako, tusingefika kizimbani."

Mzee akautazama mkono ule, labda kwa mara ya kwanza. "Unauma?"

"Asubuhi, zaidi."

Mzee akaligusa shada la funguo kiunoni. "Fundi anakuja Jumatatu."

"Wa kweli," wifi akadakia, "au yule yule wa mdomoni?"

Mzee nusura acheke. "Wa kweli, mama. Tunamwaga zege."

Mshonaji na wifi yake hawakupitia nyumbani. Walikwenda moja kwa moja hospitali na nakala ya hukumu mkononi. Daktari akaisoma, akafungua daftari la miadi, akamsogezea mshonaji fomu ya kukubali upasuaji. Akaisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikalala huku na huku.

"Mwandiko wa kuku huo," wifi akasema.

"Kuku naye ni kiumbe wa Mungu."

"Alhamisi saa moja asubuhi," daktari akasema. "Ukifuata mazoezi, baada ya miezi mitatu utashona. Ila siku hiyo uje tumbo tupu."

"Kufunga nimezoea, daktari. Wewe nitengenezee mkono tu."