Bi Mapepeo wa Studio

Baba alipotangaza kwamba anafunga studio, aliyelia ni mimi peke yangu, na wala sikulilia studio. Niliulilia mti.

Studio yenyewe, chumba cha mbele cha nyumba yetu ya kupanga, ilikuwa imeshajifia polepole. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, na waliobaki kwa Baba ni wa picha za pasipoti tu. Hao nao aliwaambia watabasamu, kisha akikumbuka kwamba pasipoti haitaki tabasamu, aliwaomba radhi na kuanza upya. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mzee Tabasamu. Macho yake pia yamechoka. Mwezi uliopita alimpiga picha bwana mmoja mwenye heshima zake, picha ikatoka na tai, na vifungo vya koti, na kidevu. Kichwa chenyewe hakikuwemo. Siku ileile akasema basi, imetosha.

Akanipigia simu. "Pilipili," akaniambia. Jina hilo nilipewa utotoni, na kila anayenifahamu hahitaji kuelezwa sababu. "Njoo uchukue unachotaka kabla mwenye nyumba hajaanza kupaka rangi."

"Nataka Bi Mapepeo."

"Kiti changu cha kuzunguka hukitaki? Bado kizima."

"Baba, nataka Bi Mapepeo."

"Nilijua," akasema, akakata simu.

Bi Mapepeo ni mti. Ni wa ukoo mmoja na mnazi, mvumo na mkoche, ila hao ni wenyeji wa jua kali, na yeye ni mzaliwa wa msituni, tena chini kabisa, pale ambapo miti mikubwa imefunga dari na mwanga unafika kwa kudokoa. Shina lake ni jembamba. Kila jani ni duara zima lenye mikunjo, upepeo hasa, wa kumpepea jitu. Mama yangu mzazi aliupata ungali mche, akauweka studio kando ya kiti cha wateja, na tangu hapo hakuna aliyepigwa picha kwetu bila Bi Mapepeo begani. Maharusi, watoto waliomaliza shule, mwenye duka la baiskeli na baiskeli yake, wote. Ukiutazama ukuta wa studio utadhani mtaa mzima ulihamia msituni.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Picha yake ya mwisho iko katikati ya ukuta huo. Amekaa, mimi nimo mapajani, Baba amesimama nyuma, na Bi Mapepeo ametupita sote kwa urefu.

Baadaye mti ulikatwa. Nakumbuka, maana nilitoka likizo kwa bibi nikakuta chungu kina udongo mtupu, nikapiga kelele hadi majirani wakatoka. Baba alinipakata, akaniambia mti uliumwa, ukakatwa, sasa umelala, utaamka. Niliamini. Kwani mgomba si hukatwa na ukachipua? Na kweli ulichukua muda mrefu mno, lakini siku moja likatokea jani jembamba kama unyasi, kisha jingine, na miaka ilivyokwenda Bi Mapepeo akarudi kuwa yeye. Nilikuwa nikijiambia kwamba mama yangu hakuondoka kabisa.

Sasa Mama Mdogo. Huyo ni mama yangu wa kambo, aliyeolewa na Baba mwaka mmoja baada ya msiba. Siku alipoingia nyumbani na mfuko wake, nilikuwa nimesimama mbele ya chungu, mikono nimeitanua. "Huu ni mti wa mama yangu," nikamwambia. "Usiuguse."

"Sawa, mwanangu," akasema.

Na miaka yote niliyokaa nyumba ile sikumwona akiugusa hata kwa kidole. Alinifulia, alinisuka, alikesha nilipougua. Kwa hayo sina kesi naye. Wenye midomo waliposema mama wa kambo si mama, niliwakatalia. Lakini alipopita karibu na Bi Mapepeo alijibana ukutani kama anayempisha mke mwenza mlangoni, na mimi nikahesabu kwamba hampendi. Baba alifanya utani, "Nina wake wawili, mmoja hasemi." Mama Mdogo alicheka na kuendelea kufagia.

Basi siku ya kuuchukua mti nilikodi pikapu. Nilikuwa nimeshamtengea Bi Mapepeo kona yake sebuleni kwangu, mbali na dirisha, na nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kumpokea mgeni. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia uani.

Nilimkuta Mama Mdogo amepiga magoti mbele ya chungu, kitambaa kibichi mkononi. Majani yote makubwa yalikuwa yameungua. Yalikuwa na rangi ya mkate uliosahauliwa jikoni, na kingo zake zimejikunja.

"Umefanya nini?" nikauliza.

Aliendelea kulipangusa jani.

"Nimeuliza umefanya nini! Miaka yote hukuugusa, leo nakuja kuuchukua ndiyo ukaugusa? Ungeniambia tu kwamba hutaki niwe nao!"

Akaweka kitambaa chini, akanyanyuka kwa kushika ukuta, maana magoti yake si yale ya zamani. Alinitazama bila hasira, jambo lililonikasirisha zaidi.

"Hata salamu hakuna, Pilipili?" Baba alitokea mlango wa nyuma na sinia ya chai. "Mwache mwenzako. Niliyeutoa nje ni mimi. Juzi. Yeye alikuwa kwa dada yake, amerudi asubuhi hii akaukuta hivi."

"Wewe? Kwa nini, Baba?"

"Mti ulikuwa unakwenda safari. Nikaona upate mwanga kidogo, upate nguvu."

Mwanga! Ningepaswa kujua. Baba ameutumikia mwanga maisha yake yote. Mtu akiwa na mafua atamwambia akae dirishani. "Mwanga haujawahi kumdhuru mtu," ndiyo kauli yake, na wateja aliowakaanga chini ya taa zake hawakuthubutu kubisha. Amemchukua mzaliwa wa kivuli, asiyewahi kuonana na jua uso kwa uso, akamwanika kama nguo. Na ni yeye huyuhuyu ambaye zamani filamu ikiona mwanga alikuwa karibu kulia!

Nilitakiwa kumwomba Mama Mdogo radhi palepale. Badala yake nilitafuta kitu cha kufanya, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imekosa pa kukaa. Panga la kukatia nyasi liliegemea ukuta. Nikalichukua.

"Basi tuukate," nikasema. "Tuukate wote, kama ile mara ya kwanza. Utalala, utaamka."

Nikaliinua kwenye shina.

"Acha!"

Sikuijua sauti hiyo. Mama Mdogo alikuwa ameudaka mkono wangu, na aliubana kwa nguvu kuliko nilivyodhani anazo.

"Huu si mgomba," akasema. "Mti wa aina hii una moyo mmoja tu, uko hapa juu." Kidole chake kikaenda bila kusita katikati ya majani yaliyoungua, kwenye jani changa ambalo bado lilikuwa limefumba kama mwavuli, la kijani kibichi. "Hili halijaungua. Ukikata chini yake, umeumaliza. Hauchipui ubavuni, hauchipui mizizini. Hauna pengine pa kuanzia."

"Lakini ulikatwa. Nilipokuwa mdogo. Baba si alisema ulikatwa?"

Baba alianza kupanga vikombe kwenye sinia, na vikombe vilikuwa vimeshapangwa. Huko nje dereva wa pikapu akapiga honi.

Niliweka panga chini, nikaingia studio, nikasimama mbele ya ukuta. Hapa Mama, na mti umempita Baba kichwani. Hapa mimi na sare yangu ya kwanza ya shule, mwaka uliofuata, nyuma yangu pazia tupu. Hapa nimeshakuwa msichana mrefu wa miguu myembamba, na kando yangu, juu ya stuli ili uonekane, mti mdogo wenye majani matatu. Picha hizi nimekua nazo. Siku zote nilizisoma kama picha za kabla ya mti kukatwa na za baada ya kukatwa, basi. Ila kama mti huu ukikatwa hufa, basi uliokuwa juu ya stuli haukuwa ule wa Mama.

Nilirudi uani. "Mti wa Mama ulikufa," nikasema.

"Ulikufa," Baba akakubali. Aliketi kwenye kizingiti. "Mama yako alipokwenda sikuweza kuingia studio. Niliufunga mlango kwa miezi, na mti ukiwa ndani. Sikukumbuka hata kama kuna kitu kinakunywa maji humo."

"Na huu ni wa nani?"

Baba akamtazama mkewe. "Sema wewe. Mimi sikufanya kitu."

Mama Mdogo alijifuta mikono kwenye nguo yake. "Nilipofika hapa ule wa mama yako ulikuwa umekwisha zamani. Wewe ulisema mti umechoka tu, na ulinikataza kuugusa. Ulipokwenda kwa bibi yako tukaung'oa. Ndani ya udongo nikakuta vijitunda vyake vilivyodondoka, vimekauka, vidogo kama njegere. Nikavipanda kwenye kopo la siagi, nikaliweka jikoni nyuma ya pazia. Nilingoja mpaka nikadhani nimepanda changarawe." Akatabasamu kidogo. "Kimoja kikaota, nikakihamishia chunguni."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa na miaka saba, na mama ulishamzika mara moja. Nikuzikishe tena?"

"Lakini nilikua, Mama Mdogo. Nikawa mtu mzima."

"Ulikuwa unaupenda. Ningeanzia wapi?" Akainama kuokota kitambaa chake. "Na wewe ulisema nisiuguse. Basi nikawa naugusa ukiwa shule."

Ndipo nilipokumbuka vumbi. Studio yetu iko kwenye barabara ya udongo. Viti vilipata vumbi, pazia lilipata vumbi, hata miwani ya Baba. Majani ya Bi Mapepeo hayakuwahi kuwa na vumbi, siku hata moja, na mimi sikuwahi kujiuliza nani anayapangusa. Kama ni kujiuliza, ningesema Baba. Baba, ambaye miwani ikiwa kwenye paji la uso anaitafuta chini ya kitanda!

Nililia pale uani, mtu mzima na funguo zangu za nyumba mkononi. Nililia kwa aibu, na kwa Mama, na kwa mapenzi niliyopewa miaka yote bila kuambiwa kwamba ni mapenzi. Nikamwambia Mama Mdogo anisamehe. Akanipa kikombe cha chai, akasema chai inapoa.

Dereva akaingia, amechoka kungoja. "Mzigo uko wapi? Ndio huu? Huu si wa kutupa?"

"Wee!" tukamrukia wote watatu kwa pamoja, hata akarudi nyuma. Ili safari yake isiwe bure nikampa kile kiti cha kuzunguka akipeleke kwangu.

"Mti utakuja kuuchukua," Mama Mdogo akaniambia. "Ni wako. Ila uache kwanza jani hili lifunguke, tujue moyo umepona. Na nikuonyeshe namna ya kupangusa."

"Na lisipofunguka?"

"Mbegu huwa zipo," akasema.

Tukaubeba mti na chungu chake mimi na yeye, Baba akitufungulia milango, tukaurudisha mahali pake kando ya kiti cha wateja, kwenye ubaridi. Nilipojinyoosha mgongo nikajikuta tena mbele ya ukuta, na safari hii nilikuwa natafuta. Mwenye duka la baiskeli alikuwamo mara mbili. Mwenye nyumba alikuwamo. Dereva mmoja wa lori ambaye hatukuwahi kumwona tena alikuwamo. Nilipekua ukuta mzima. Mama Mdogo hakuwamo popote.

"Baba," nikaita, "hiyo kamera inaweza kufanya kazi ya mwisho?"

"Picha moja haiwezi kuishinda."

"Mama Mdogo, kaa kwenye kiti."

"Mimi?" Akajitazama. "Na nguo hii ya kazi? Na mti wenyewe umeungua hivyo?"

"Kaa tu, Mama Mdogo."

Akakaa, magoti pamoja, mikono juu yake. Baba alikuwa ameshawasha taa mbili na anaiendea ya tatu. Nikamwambia moja inatosha, akanung'unika, akazima. Mama Mdogo alikuwa amekaa upande, bega amelivuta, ameuachia mti nafasi yake kama alivyozoea.

"Sogea karibu nao," nikamwambia. Akasogea kiasi cha kiganja.

"Ushike."

Akanitazama, na nilimwona akimtafuta usoni pangu yule mtoto wa mbele ya chungu. Sijui kama alimwona. Aliinua mkono polepole, akaupitisha katikati ya majani makavu, akalishika lile jani changa lililofumba, mbele ya macho yangu.

Baba alisahau kusema tabasamu. Alibonyeza tu, mara moja, na picha ilipotoka, kichwa kilikuwemo chote.