Upande Mweusi wa Picha

Jumanne saa tatu asubuhi, binti wa fundi bomba alimkalisha baba yake kwenye stuli ya chuo, mbele ya karatasi nyeupe iliyoshuka kutoka darini mpaka sakafuni, akamwambia atulie. Baba hakutulia. Tangu afiwe na mkewe, miezi saba iliyopita, miguu yake ilikuwa haijui kukaa. Akikaa inacheza, akisimama inatafuta njia ya kwenda.

"Baba, tulia basi. Hujaja kuzibua choo."

"Choo ningekuwa nimeshamaliza, nimekunywa na chai."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa binti kupiga picha ndani ya studio. Mpaka siku hiyo alikuwa amepiga harusi za majirani, mechi za mpira na nguo zilizoanikwa, vitu vyote vya juani, na jua alikuwa amezoeana nalo. Taa za studio hakuzijua. Zilikuwa mbili, kila moja na mwavuli wake mweupe, nazo zilimulika mara moja tu, fyu, kisha basi. Kazi aliyopewa na mwalimu ilikuwa nyepesi kuitamka: mtu mmoja, nyuma kweupe, uso uonekane. Asiyeipeleka mpaka mwisho wa muhula angerudia mwaka.

Akabonyeza. Akatazama kioo cha kamera. Baba alikuwa upande wa kulia, shati limenyooka, macho mekundu kidogo. Upande wa kushoto, robo nzima ya picha, kulikuwa na utepe mweusi kutoka juu mpaka chini.

Kosa lilikuwa la kawaida, hulifanya kila anayetoka juani. Alikuwa ameiacha kamera kwenye kasi ya mia tano, kama ilivyokuwa kwenye mpira. Kwa kasi hiyo tundu la kamera huanza kujifunga kabla taa haijaenea, na sehemu ambayo mwanga haukuifikia hutoka nyeusi. Mwalimu alikuwa amelieleza hilo mara mbili ubaoni.

Binti alikuza picha. Ndani ya weusi mlikuwa na korido ya hospitali. Aliijua kwa rangi yake, kijani chini na maziwa juu, na kwa benchi lililopungua mguu mmoja wakaweka tofali.

"Imetoka?" baba aliuliza.

"Imetoka na korido."

Baba alikuja, akavaa miwani, akatazama. Kisha akasema, "Ongeza kosa."

Binti akapandisha kasi mpaka elfu moja. Baba akarudi kwenye stuli, taa zikamulika. Weusi ukala nusu ya picha, na ndani yake korido ikasogea mbele. Mama alikuwa amelala kwenye machela, ukutani, kanga yake ya zambarau imemfunika mpaka kifuani. Juu yake kulikuwa na saa, inaonyesha saa nane na dakika ishirini mchana.

"Ongeza."

Kwa kasi ya elfu mbili baba alibaki sikio moja na bega. Picha yote iliyosalia ilikuwa korido, na mwisho wa korido mlango wa chumba ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha mtu kupitisha mkono. Ndani yake ilionekana mashine ya kupumulia, ingali na nailoni yake ya dukani, imezungushiwa utepe mwekundu wenye fundo kubwa la maua.

Baba akavua miwani akaifuta kwa shati. "Nilisema," alisema. "Nilisema niliona boksi likiingizwa. Wakaniambia nimechanganyikiwa kwa uchungu, nikanywe maji."

Siku ile wauguzi walikuwa wamesema hakuna mashine. Mama alikuwa amefariki saa tisa kasoro dakika tano, juu ya machela, koridoni, na baba amesimama. Lakini kwenye picha ilikuwa saa nane na ishirini, na kanga ya zambarau ilikuwa inapanda na kushuka. Ilipanda kwa shida, ikakaa huko juu kidogo, ikashuka.

"Anapumua," binti alisema.

"Ndiyo. Tuna dakika thelathini na tano."

Binti aliichapisha kubwa picha hiyo akaipeleka kwa mwalimu, kwa sababu hakuwa na nyingine. Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Nusu, kwani hakuwahi kumpa mtu alama kamili, hata mkewe inasemekana alimsifia pilau nusu. Aliishika picha kwa ncha za vidole.

"Nimeagiza mtu mmoja, nyuma kweupe. Wewe umeniletea sikio, mgonjwa, mashine na korido nzima. Kasi yako ilikuwa ngapi?"

"Elfu mbili, mwalimu."

"Umeona sasa. Rudia. Ushushe mpaka mia na ishirini na tano." Akaitazama tena. "Huyu mama ni nani?"

"Mama yangu."

"Pole. Anapumua vibaya. Lakini rudia."

Kesho yake asubuhi saa ya kwenye picha ilionyesha saa nane na dakika ishirini na moja. Siku iliyofuata, na mbili. Dakika moja kwa siku, wala haikukosea. Baba akahesabu kwa vidole, akavaa koti la kwendea misibani, akaikunja picha kubwa ndani ya gazeti, wakaenda wote wawili hospitali.

Mkuu wa hospitali aliwapokea baada ya saa tatu za kungoja. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Akaitandaza picha mezani.

"Picha nzuri. Kapiga nani?"

"Binti yangu."

"Hongera, binti. Mashine imetoka vizuri sana."

"Mheshimiwa," baba alisema, miguu yake ikigonga sakafu chini ya meza, "mlituambia haipo."

"Hapana, mzee wangu. Hatukusema haipo. Tulisema haijazinduliwa. Huyo mwuguzi alifupisha." Akakohoa. "Kitu kisichozinduliwa hakiwezi kutumika. Kikiharibika, nani atajibu? Mgeni rasmi bado hajatupa tarehe."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Basi iwasheni leo. Mke wangu bado anapumua. Tazama mwenyewe."

Mkuu akainama. Akaitazama saa yake ya mkononi, akahesabu pumzi za mama kwa dakika nzima, kama alivyofundishwa alipokuwa kijana na bado anagusa wagonjwa. "Anahangaika kweli," alisema. "Sasa nyie andikeni barua. Mimi nitaipitisha."

Wakaandika. Binti ndiye aliyeandika, baba akisema na kufuta na kusema tena, maana yeye shule aliiacha darasa la nne na hasira zake zilikuwa hazikai kwenye mistari. Barua ikagongwa mhuri ikapelekwa kwa mkubwa, na kutoka kwa mkubwa ikapelekwa kwa mkubwa wa huyo, kila mmoja akiandika pembeni kwamba ameiona.

Binti akaomba kitu kimoja: picha itundikwe koridoni, karibu na mlango wa chumba kile, ili siku mashine ikiwashwa mama asiwe mbali. Mkuu akakubali mara moja, kwani ukuta ule ulikuwa mtupu. Mwuguzi wa zamu akamfungulia mama faili upya, lile la kwanza likiwa limeshafungwa, na kila asubuhi akawa anasimama mbele ya picha na kuandika idadi ya pumzi. Zilikuwa zinapungua.

Baba akawa anakwenda kila siku saa za kutazama wagonjwa, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Mlinzi wa getini alimwuliza siku ya kwanza.

"Unamwona nani?"

"Mke wangu."

"Wodi gani?"

"Ukutani."

Mlinzi akaandika: ukutani. Toka hapo hakumwuliza tena, ila alimkataza kuingia na chupa ya chai, kwa kuwa wagonjwa walioko koridoni hawaruhusiwi kula.

Binti naye hakutulia. Asubuhi alikuwa studio, mchana hospitali. Alijaribu kasi zote zilizokuwemo kwenye kamera. Alimweka baba kushoto, kulia, akamgeuza mgongo. Elfu nne ilimpa ndani ya chumba chenyewe: mashine, fundo la maua, na mkasi mpya juu ya sahani iliyofunikwa kitambaa chekundu, ukimngojea mwenye mkono wake. Alikuza picha ile mpaka akaweza kusoma jina la kiwanda kwenye makali ya mkasi. Kuugusa hakuweza. Mwalimu Nusu alipita, akachungulia begani kwake, akasema kamera si mkono.

"Mia na ishirini na tano," akamkumbusha.

Siku ya ishirini na nane tarehe ilipatikana. Mgeni rasmi angekuja baada ya siku tano, saa nne asubuhi. Baba alihesabu: zingesalia dakika mbili. Alimkumbatia mlinzi. Hospitali ikaingiwa na mchakamchaka. Korido ikapakwa rangi, kijani chini na maziwa juu, benchi likawekewa mguu, turubai likasimamishwa uani, viti vikakodishwa na kuvalishwa mashuka ya wodini, na wagonjwa wa wodi hiyo wakaambiwa wavumilie kwa siku moja.

Siku yenyewe watu walikaa tangu saa mbili. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Saa nane akaja mtu na gari dogo, akamnong'oneza mkuu sikioni, na mkuu akashika kipaza sauti kutangaza kwamba mgeni rasmi ameitwa ghafla kwenda kuzindua lango la uwanja, hivyo anaomba radhi na anawapenda sana. Watu wakapiga makofi, maana walikuwa wameshaambiwa wapige.

Baba alikwenda moja kwa moja koridoni. Akausukuma mlango wa chumba kwa bega. Ulikuwa umefungwa. Akatoa bisibisi yake na spana, zana za miaka thelathini, akaanza kufungua bawaba, na binti akashika taa ya simu. Walinzi wanne wakaja wakamwondoa kwa adabu, wakimwita mzee, wakambebea na spana zake.

"Kesho kutwa tu," baba alikuwa anasema. "Nimebakiwa na kesho na kesho kutwa."

Siku ya thelathini na tano waliruhusiwa kuingia kama wageni wengine, bila zana. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni koridoni, na kwenye picha saa tisa kasoro dakika tano. Mwuguzi alikuwa amesimama nao, faili mkononi. Kanga ya zambarau ilipanda, ikakaa, ikashuka. Walingoja ipande. Mwuguzi akaandika saa, akafunga faili, akasema pole. Kisha watu wawili wenye makoti meupe wakapita ndani ya picha, wakasukuma machela mpaka nje ya fremu, na pakabaki ukuta, saa, na mlango ulioachwa wazi.

Miguu ya baba ilikuwa imetulia. Binti aliliona hilo na likamtisha kuliko yote.

Muda si mrefu wakaja watu na machela ya kweli. Msichana mdogo alikuwa amelala juu yake, kinywa wazi, na mwanamume aliyevaa kandambili za rangi mbili tofauti alikuwa akikimbia kando. Wakamwegesha ukutani, chini ya picha.

"Dada, mashine ipo?" mwanamume aliuliza.

"Hakuna, kaka," mwuguzi alisema.

Mwanamume akainua macho, akaitazama mashine na utepe wake mwekundu. Akageuka akautazama mlango. Akamtazama tena mwuguzi.

"Na ile?"

"Ile ni picha."

Baba akamsogezea benchi. Mwanamume alikataa kukaa, akabaki amesimama, miguu yake ikicheza.