Kamba ya Bongchun

Mfuniko wa chungu cha chuma uligongagonga kabla hakujapambazuka. Bibi Okbun alikuwa akichemsha uji wa ng'ombe, mabua ya mpunga na maharage, kama kila asubuhi. Lakini leo Nuri, ng'ombe wao wa pekee, hakugeuza hata pua. Kiwele kilikuwa kimejaa, nyama za kando ya mkia zimelegea, na chupa ya maji imeshapasuka. Kwato ilichungulia. Moja tu.

"Zinatakiwa mbili, na pua juu yake," Okbun alimwambia mumewe, Bongchun. "Mguu wa pili umekunjika ndani. Kamwite Sundeok, tusije tukawapoteza wote wawili."

Sundeok, mjane wa jirani, alikuja mbio, mikono ya nguo ameshaikunja. Akakwama mlangoni mwa zizi. Palining'inia kamba ya mabua. Kamba hiyo hufungwa ndama akishazaliwa, mgeni, hasa aliyetoka msibani, asiingie siku ishirini na moja. Bongchun alikuwa ameifunga tangu juzi, kwa furaha tu.

"Siwezi kuivuka, dada. Wiki hii nimetoka mazishini."

"Wewe mzee, ulikuwa na haraka ya nini?" Okbun akamgeukia mumewe.

"Niliona heri iwahi," Bongchun akajikuna kisogo.

"Hata harusini kwetu ulifika jana yake."

Okbun akaifungua kamba mwenyewe. "Hii humlinda aliyezaliwa. Humu bado hajazaliwa mtu. Ingia, mdogo wangu."

Sundeok alinawa kwa sabuni hadi begani. Alingoja Nuri apumzike kusukuma, akamrudisha ndama ndani kidogo, akaifumbata kiganjani kwato ya mguu uliokunjika isije ikachana tumbo la uzazi, akaileta mbele polepole. Zikawa mbili, na pua. Nuri aliposukuma, naye akavuta.

Ndama jike aliteleza majanini, akapiga chafya. Nuri akaanza kumlamba. Ndipo Okbun akaona kwamba Sundeok alikuwa amemfuta ndama pua kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwani.

Kondo la nyuma lilipotoka lote, Sundeok alitoka nje bila kuambiwa, akamshikia Bongchun ncha ya kamba.

"Sasa funga, shemeji. Leo hujaiwahisha."

Okbun alipika supu ya mwani, ya mzazi, akamtilia Nuri kwenye uji wake, na bakuli moja akampitishia Sundeok juu ya kamba.

"Siku ya ishirini na mbili uje tena, Sundeok. Nuri atakutafuta. Na mimi pia."