Zawadi ya Kuhama Benki

Avril Postlethwaite hakuwa mtu wa kukimbilia vya bure. Tangu aolewe na Clifford walikuwa na akaunti moja ya pamoja, katika benki ile ile, mjini Barrow, ambako Clifford alichomelea vyuma kiwandani hadi alipostaafu. Pensheni zote mbili ziliingia humo, na bili zote zikatoka humo. Lakini mashine ya kufulia ilipokata roho mwezi wa Januari, akaanza kuyapa sikio maneno ya Pauline, jirani yao wa ukuta mmoja.

Bila mashine hali ilikuwa mbaya. Clifford alikuwa amepoteza kumbukumbu, na siku hizi hata njia ya chooni ilikuwa ikimpotea. Kila asubuhi kulikuwa na mashuka.

"Shoga, wewe umelala," Pauline alimwambia, mikono kiunoni. "Ile benki ya karibu na soko inatoa pauni mia na sabini na tano ukihamia kwao. Mimi nimekula, na wifi yangu naye kala. Hama, ununue mashine, uache kubeba mashuka kwenye basi kama dobi."

"Na bili zangu?"

"Wanahamisha wenyewe. Wewe unakaa unakunywa chai."

"Clifford je?"

"Si mnakubali wote wawili tu? Atatikisa kichwa. Mwanaume gani hajui kumtikisia mkewe kichwa?"

Avril alicheka, na hakuwa amecheka siku nyingi.

Alijaribu kwanza kwa simu. Benki mpya ilitaka kila mmoja aoneshe uso wake, ageuze kichwa kushoto na kulia, kisha asome tarakimu kwa sauti. Yeye alimaliza mara moja. Clifford aliitazama ile simu, akakunja uso.

"Nani huyu mzee?"

"Ni wewe, mpenzi. Geuza kichwa kidogo."

"Usinitanie. Mwambie atoke hapo dirishani."

Simu iliwakatalia, ikawaambia waende tawini.

Siku waliyokwenda, Avril alimvisha koti zuri na kumnyoa ndevu. Ndani ya basi wakafanya mazoezi.

"Watakuuliza kama unataka kuhama benki. Utasema nini?"

"Ndiyo."

"Hapo sawa kabisa."

Na kweli Clifford alikuwa na nuru asubuhi ile. Alimsalimia dereva, akalalamika juu ya mvua. Avril akajiruhusu kuiwazia ile mashine ikizunguka jikoni.

Aliyewapokea alikuwa msichana aitwaye Keeley, mchangamfu. Alimwelekea Clifford. "Haya mzee, mngependa kuhamishia akaunti yenu kwetu?"

"Yetu nani?"

"Wewe na mkeo."

Clifford alimgeukia Avril, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama muuguzi. "Huyu si mke wangu. Huyu mama ananiangalia tu. Mke wangu yuko kazini, anatoka saa kumi." Kisha akainama mezani na kushusha sauti, lakini kila aliyekuwa karibu alimsikia. "Akitaka hela zangu, usimpe."

Avril alimsogelea. "Cliff, ni mimi. Avril."

"Avril ana nywele nyeusi," alimjibu taratibu, kama anayemsahihisha mgeni.

Keeley aliacha kuandika. "Pole sana, mama. Kila mwenye akaunti lazima akubali mwenyewe, na awe anaelewa anachokubali."

"Basi nifungulie yangu peke yangu, zihamie humo."

"Akaunti ya watu wawili haihamii kwa mmoja. Labda kama una hati ya kumsimamia mambo yake?"

Hati hiyo hakuwa nayo. Daktari aliwashauri waiandike mapema, Clifford angali na akili zake. Clifford alikuja juu: "Mnanizika huku natafuna?" Avril hakumsukuma. Kumsukuma kungekuwa kumwambia machoni kwamba akili zinamwondoka, na ulimi wake haukuweza.

"Nendeni kwenye benki yenu ya zamani, muwaeleze," Keeley alisema, kwa moyo mweupe. "Watawasaidia."

Wangeweza kupanda basi wakarudi nyumbani. Badala yake wakavuka barabara hadi benki yao.

Ofisa wa upande wa pili, Bwana Garnett, alikuwa msikivu. Alimpa Clifford biskuti, akamwacha Avril aseme. Naye akasema yote: mashuka, mashine, zawadi, aibu ya muda mfupi uliopita. Alimwaga kila kitu, kwa kuwa muda mrefu hakuwa amepata wa kumwagia.

"Kwa hiyo, mama, unaniambia mzee haelewi tena mambo ya fedha?"

"Haelewi hata chembe, maskini."

Bwana Garnett aliitazama meza.

"Sasa umeshaniambia, siwezi kujifanya sikusikia. Taratibu zinataka tuizuie akaunti, ili kumlinda mzee."

"Kumlinda na nani?"

Bwana Garnett alisema bili za nyumba zitaendelea kulipwa, ila kadi hazitafanya kazi mpaka mahakama impe Avril usimamizi. Ingechukua miezi, pengine mwaka.

"Na pensheni yangu mimi? Si yake hiyo. Ni ya jasho langu."

"Utaomba iingizwe kwingine. Iliyokwisha kuingia humu itabaki humu."

"Mimi nilitaka mashine ya kufulia tu," Avril alisema.

"Najua, mama."

Walipopitia dukani, kadi ilikataa. Avril aliacha mkate, maziwa na pakiti ya nepi za watu wazima pale kwa keshia, akamshika Clifford mkono wakatoka. Pauline ndiye aliyewalisha wiki zile. "Ni mimi niliyekuponza," alisema huku akilia, na Avril, aliyemfahamu tangu usichana wao, hakupata nguvu ya kumbishia.

Alijifungulia akaunti yake kwa Keeley, pensheni ipate pa kuingia. Zawadi haikuwemo, maana hakuna alichohamisha. Mashuka aliyafua kwenye beseni la kuogea, amepiga magoti, hadi siku mgongo ulipokatalia pale pale chini asiweze kuinuka. Clifford alikuja akasimama mlangoni, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akaenda zake. Baada ya hapo watu wa ustawi wa jamii walimchukua Clifford, wakampeleka kwenye makao ya wazee huko Ulverston.

Jibu la mahakama kuhusu ombi la Avril lilifika Novemba. Akaunti iliyozuiwa ikafunguliwa, na karibu kila kilichokuwamo kikaenda kulipia makao.

Avril aliendelea kumtembelea. Alasiri moja Clifford alimtazama kwa muda mrefu.

"Wewe mama, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mumeo ni mtu mwema?"

"Mwema sana."

"Basi mwambie aje akuchukue. Giza linaingia, na wewe uko peke yako."

"Nitamwambia," Avril alisema. Alimfunika miguu, akavaa koti lake, akatoka kwenda kusubiri basi.