Kushuka Mwatate Bila Breki

Mzee Solomon Mwadime aliendesha malori kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka ugonjwa wa mtoto wa jicho ulipomfunga macho yote mawili. Sasa aliona mwanga na vivuli tu, kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafu. Alikaa kwa bintiye Eddah, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya upili juu kidogo ya Wundanyi, pamoja na mjukuu wake Shanice, aliyekuwa na miaka minane.

Kuna kazi moja ambayo mzee alikataa katakata kuiacha. Kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda lilikoegeshwa gari la Eddah, akafungua boneti, akapapasa kwa vidole mpaka akapata kijiti cha kupimia oili. Aliinusa ile oili, akaisugua kati ya vidole viwili, kisha akaongeza maji ya rejeta na ya kusafishia kioo. Eddah alimwachia. Aliona jinsi babake alivyorudi ndani akitembea wima zaidi. Na kwa kuwa mzee alikuwa akiliangalia gari, Eddah hakuona sababu ya kulipeleka kwa fundi mara kwa mara. Oili ya injini ilibadilishwa kila ilipofika wakati wake. Lakini tangu alinunue, miaka minne sasa, hakuna mtu aliyewahi kufungua magurudumu kutazama breki.

Mwishoni mwa mwezi wa saba taa ndogo nyekundu iliwaka mbele ya usukani. Eddah aliiona, akasema moyoni atauliza mtu, kisha mitihani ya muhula ikammeza. Jumapili hiyo mzee alipapasa chini ya boneti kama kawaida. Vidole vyake vilikuta chombo cha plastiki chenye kifuniko, akakifungua, akamimina maji mpaka kikajaa. Alidhani ni cha maji ya kioo. Kilikuwa cha mafuta ya breki.

Jumatatu asubuhi taa ilikuwa imezima.

"Baba, ile taa nyekundu imezima," Eddah alimwambia jioni. "Sijui ulifanya nini, lakini asante."

Mzee hakujua ni taa gani. Lakini ilikuwa siku nyingi tangu mtu amshukuru kwa jambo la gari, na hakutaka kuuliza.

"Gari linataka tu kuangaliwa," alisema.

Siku kumi baadaye, shule zikiwa zimefungwa, waliondoka saa moja na nusu asubuhi kwenda Voi kupitia Mwatate. Mzee alikuwa na miadi na daktari wa macho. Alikaa mbele kushoto, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Shanice alikaa nyuma na mfuko wa mahamri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na manyunyu yalikuwa yameilowesha lami.

Kutoka Wundanyi barabara inashuka ikijikunja, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na pande hizo hubadilishana kila baada ya kona. Eddah aliogopa ukungu, kwa hivyo mguu wake haukutoka kwenye breki.

"Unakanyaga breki sana," mzee alisema.

"Sioni mbele, Baba."

"Basi weka gia ndogo, injini ikushikilie."

"Gari ni la otomatiki."

"Hata la otomatiki lina gia ya chini. Tazama hapo, kuna mbili, kuna L."

Eddah aliiacha gia ilipokuwa. Alikuwa ameendesha barabara hiyo miaka minne akiwa kwenye D, na hakutaka kujifunza kitu kipya ndani ya ukungu. Walipita kona mbili zaidi. Mzee akainua uso, akavuta hewa puani.

"Kuna kitu kinaungua. Simama pembeni."

"Ni lori lililotutangulia."

"Hakuna lori mbele yetu. Ningelisikia. Simama, Eddah."

Alisikia jinsi babake alivyolitamka jina lake, akakanyaga breki ili asimame. Pedali ilikuwa laini. Ilishuka chini ya mguu wake kama godoro, ikagusa sakafu, na gari halikupunguza mwendo hata kidogo.

Kwa muda mfupi hakuelewa. Aliinua mguu, akakanyaga tena. Ikashuka vilevile, bila uzito wowote.

"Baba, hakuna breki," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mtu anayezungumza na nafsi yake.

Mzee hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulitafuta mpaka ukapata dashibodi.

"Usizime injini. Ukizima, usukani utakuwa mzito. Pampu breki haraka haraka, usiache."

Alipampu. Mara moja alihisi kitu kikishika, gari likainama mbele, kisha kikaachia. Mshale ulisoma sitini na tano.

"Hazishiki."

"Basi achana nazo. Weka gia ya mbili."

Eddah alivuta gia kwa haraka hata akapita alama aliyoitaka, akairudisha. Injini ilinguruma, na gari likavutwa nyuma kidogo. Hamsini na tano. Mteremko ukazidi, na mshale ukaanza kupanda tena.

"Shanice," mzee alisema, kwa sauti ileile ya utulivu, "umefunga mkanda?"

"Ndiyo, babu."

"Inamisha kichwa magotini. Usiinuke mpaka nikuambie. Eddah, piga honi, washa taa zote. Unaona nini?"

"Ukungu. Kona inaenda kulia."

"Kushoto kuna mlima au bonde?"

"Bonde."

"Tumepita kanisa la mabati ya buluu?"

Alijaribu kukumbuka. Ubongo wake haukumletea chochote ila sauti ya magurudumu juu ya maji. Kisha akaliona, paa la buluu likipotea ndani ya ukungu upande wa kulia. "Ndiyo. Tumelipita sasa hivi."

"Basi hii ndiyo tulikuwa tunaiita Kona ya Sufuria. Ni kali kuliko inavyoonekana. Ianzie nje, uikate kwa ndani, na usiguse usukani kwa ghafla. Ukishaimaliza, mlima utakuja kushoto. Hapo ndipo tutasimama."

"Nitasimama na nini?"

"Na mlima."

Aliingia kona akiwa na hamsini na nane. Gari lililala kushoto, mahamri yakamwagika nyuma. Alisikia matairi yakilia na nyuma ya gari ikitaka kutoroka kuelekea bonde. Hapo katikati ya kona, taa mbili za manjano zikatokea kwenye ukungu, juu, zikiwa zimejaza barabara. Lori lilikuwa likipanda na shehena ya mawe ya kujengea.

Eddah alivuta usukani kushoto. Magurudumu yalitoka kwenye lami, changarawe ikapiga chini ya gari kama mvua ya mawe, na upande wa babake aliona nyasi chache, kisha hakuona kitu tena isipokuwa weupe. Kioo cha pembeni cha upande wake kilipasuka, kikabebwa na lori. Honi ya lori ilipita sikioni mwake, ndefu, ikabaki nyuma.

Alirudi barabarani. Hakujua alirudije.

"Bado tuko?" mzee aliuliza.

"Bado tuko."

"Weka ile ya mwisho chini kabisa. L."

Injini ilipiga kelele ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwenye gari lake. Hamsini. Arobaini na tano.

"Sasa breki ya mkono. Finya kitufe, usikiachie. Vuta kidogo, legeza, vuta kidogo. Ukiivuta yote gari litazunguka. Ukuta umefika?"

"Naona udongo mwekundu. Uko kushoto."

"Kuna mtaro?"

"Upo."

"Ingiza magurudumu ya kushoto kwenye mtaro. Pole pole. Lilaze gari ukutani."

Ukuta ulikuwa upande wake, yeye mzee. Eddah aliliona hilo na mikono yake ikakataa.

"Baba, utaumia."

"Ingiza."

Aliingiza. Gari lilitumbukia kwa upande, likagonga tumbo, likaanza kusugua ukuta wa udongo na mawe kwa sauti ya bati linalochanwa. Dirisha la mzee lilipasuka. Mizizi na matope viliingia ndani. Eddah alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, na kitu kizito kikagonga mbele, na kila kitu kikasimama.

Injini ilikuwa imezima yenyewe. Moshi mwepesi ulipanda kutoka magurudumu ya mbele. Mzee Solomon alikuwa na damu sikioni na kwenye shavu, na udongo mwekundu umejaa mapajani mwake.

"Shanice," aliita. "Inuka sasa."

Mtoto hakuinuka. Eddah alipotoka na kufungua mlango wa nyuma, alimkuta ameushika mkanda kwa mikono miwili, macho wazi, nguo yake imelowa. Alimzungushia leso yake kiunoni, akambeba, akaketi naye kando ya barabara.

Watu walifika. Kijana mmoja wa boda boda aitwaye Hudson alimsaidia mzee kutoka kupitia mlango wa dereva, akampangusa damu kwa kitambaa. Zilipopita kama dakika ishirini, Hudson aliingia kwenye gari kuangalia, akakanyaga pedali, akatoa kichwa nje.

"Madam, mbona breki iko? Iko ngumu kabisa. Tukilitoa hapa mtaroni unaweza kufika Mwatate pole pole."

Eddah hakuamini. Alikwenda, akakanyaga. Pedali ilimsukuma mguu, ngumu, kama ilivyokuwa asubuhi akiondoka nyumbani. Jambo hilo lilimtisha kuliko ukungu na lori. Ilikuwa kama kumkuta mtu aliyetaka kukuua ameketi sebuleni kwako akikusubiri kwa tabasamu.

"Usiiamini," mzee alisema kutoka barabarani. "Imepoa tu. Ikipata moto tena itakuachia palepale. Hilo gari livutwe."

Lilivutwa mpaka Mwatate, kwa fundi mmoja aitwaye Muinde, mtu wa maneno machache. Alimkalisha mzee kwenye kiti cha plastiki, akafungua boneti, akafungua kifuniko cha mafuta ya breki. Alivuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano, akayamimina kwenye kiganja, akayasugua.

"Nani aliweka maji hapa?" aliuliza.

"Maji?" Eddah alisema.

"Nusu ya hii ni maji. Ukishuka mlima umekanyaga, breki zinapata moto, maji yanachemka kule ndani yanakuwa mvuke. Ukikanyaga, unafinya mvuke. Hakuna breki."

Mzee Solomon aliinua mkono wake wa kulia hewani, vidole vikasogea kidogo, kama vinatafuta kitu.

"Hicho chombo kiko upande gani?"

"Wa dereva, mzee. Nyuma, karibu na kioo."

"Na cha maji ya kioo?"

"Mbele, karibu na taa."

Aliushusha mkono. "Basi ni mimi," alisema. "Mimi niliyeendesha lori miaka thelathini. Nusura niwaue watoto wangu."

Eddah alihisi hasira ikimpanda, ya ghafla, ya moto, hasira ya mtu ambaye hofu yake haijapata pa kwenda. Alifungua mdomo. Lakini Muinde alikuwa amekwisha kung'oa gurudumu la mbele, akamletea pedi mbili za breki mkononi. Hazikuwa na kitu. Zilikuwa chuma kitupu, zimeungua mpaka zikawa na rangi ya samawati.

"Mzee aliweka maji, sawa," fundi alisema. "Lakini hizi hazikumalizwa na maji. Hizi zilikwisha kitambo. Pedi zikiisha, mafuta yanashuka, taa nyekundu inawaka. Taa iliwaka?"

"Iliwaka."

"Mara ya mwisho breki zilifunguliwa lini?"

Eddah alitazama pedi zile.

"Madam, mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili, hata kama gari halilii. Yenyewe hunyonya unyevu. Haya yako ni meusi kama kahawa, yangechemka hata bila hayo maji. Unabadilisha oili ya injini, nimeona, ni safi. Injini ikifa, utasimama barabarani. Na breki je?"

"Hazijawahi kufunguliwa," alisema. "Tangu nilinunue."

Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki, akashika mikono ya babake, ambayo bado ilikuwa na udongo kwenye kucha. Mzee alikuwa analia bila sauti.

"Tuliharibu sisi wawili, Baba," alisema. "Na wewe ndiye uliyetusimamisha."

Muinde alikaa na gari siku tano. Alibadilisha pedi, diski na mipira iliyovimba, akasafisha mabomba yote, akatia mafuta mapya. Kabla ya kumkabidhi Eddah ufunguo alimkalisha kwenye usukani, akamfundisha kushuka kwa gia ndogo na kukanyaga breki kwa nguvu kidogo kisha kuachia, zipate kupoa.

Miadi ya macho ilisogezwa wiki tatu mbele. Siku hiyo Eddah alishuka akiwa kwenye gia ya mbili, na kwenye miteremko mikali akaweka L, magari yakijipanga nyuma yake na kupiga honi. Jasho lilimtoka mikononi njia nzima. Mzee alisikiliza injini mpaka walipofika tambarare.

"Umeshuka vizuri," alisema hapo.

Eddah alisimamisha gari kando ya barabara, na ilimchukua muda kuvitoa vidole vyake kwenye usukani.

Shanice hakuwa nao. Alikuwa amebaki kwa jirani yao Immaculate, kwa kuwa alikataa kuingia kwenye gari, na hakuna aliyemlazimisha. Ilikuwa Desemba, siku ya kwenda kwa shangazi yake anayeishi Marungu, alipokubali kwa mara ya kwanza kukaa kiti cha nyuma. Kabla ya kufunga mkanda alimwomba mamake akanyage pedali, aone kama inashuka.

Eddah alikanyaga, akaushikilia mguu pale muda mrefu, mpaka mtoto aliporidhika.