Vyombo vya Ludovika

Hakuna mtu Msamala anayeijua habari hii kuliko mimi, maana nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanzo, kusema kweli, nilihadithiwa, na mwisho niliuona kupitia upenyo wa uzio huku najifanya nachuma matembele. Katikati ndipo nilipokuwepo, na hapo pia nilikuwa nimefuata sinia langu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Ludovika alipanda kwenye mizani ya ghala la mahindi la Iddi. Mizani ya zahanati ilikuwa imegota kwenye mia na ishirini, na muuguzi akamwambia atafute inayofika mbele zaidi. Iddi alishusha gunia lililokuwa juu ya mizani, akafuta vumbi kwa kofia yake.

"Shikamoo, mama. Simama katikati, usishike nguzo. Ukishika nguzo mizani inadanganya."

"Marahaba. Sijashika."

"Mia na arobaini na saba."

Iddi aliandika kwenye daftari la mahindi, kati ya mzigo wa mtu wa Namtumbo na mzigo wa mtu wa Peramiho. Kwenye safu ya unyevu akaweka kistari.

Ludovika alikuwa mpishi mkuu wa misiba na harusi. Sufuria la pilau la watu mia mbili aliligeuza peke yake. Lakini magoti yalikuwa yamegoma, sukari ilikuwa imepanda, na daktari wa Dar es Salaam alikuwa amemwambia kwamba njia iliyobaki ni upasuaji: tumbo la chakula likatwe, libaki la ukubwa wa ndizi. Kabla ya hapo apunguze kilo kumi. Ini lake lilikuwa limenona na kulifunika tumbo, kisu hakingepata njia. Asipozipunguza kufikia mwezi wa saba, nafasi yake angepewa mtu mwingine.

Binti yake, Jane, alibandika karatasi ya daktari ukutani jikoni, juu ya chupa ya mafuta ya kula. Hakuna ugali jioni. Hakuna soda. Hakuna kuonja onja. Hilo la tatu ndilo lilimkalisha Ludovika chini, maana mpishi asiyeonja ni sawa na padri asiyesali. Akajifunza kuonja na kutema.

Kulikuwa na jambo lingine, ambalo halikuandikwa kwenye karatasi. Miaka tisa nyuma mama mkwe wake, Bibi Otilia, alifariki katika chumba cha nyuma cha nyumba ile, amekonda kama mti wa kuanikia tumbaku. Siku ya kuzika, wifi yake Anjelika alisimama mbele ya watu, akasema kila Jumapili mwaka mzima alikuwa anamletea mama yake kuku na wali kwenye hotipoti, na hotipoti lenyewe halikurudi. Akasema, "Mama amekonda, mkamwana amenenepa. Wenye macho wameona." Watu waliangalia jeneza, wakamwangalia Ludovika, wakapiga hesabu. Toka siku hiyo jina lake likawa Mla cha Mkwe. Hawakumwita hivyo usoni, maana ndiye aliyekuwa anapakua.

"Sitaki kufia kwenye meza ya daktari na jina hilo," Ludovika alimwambia Jane.

"Hutakufa, mama. Kunywa supu."

Jumatatu ya pili mizani ilisema mia na arobaini na sita. Kesho yake asubuhi, kwenye benchi la barazani, palikuwa na sahani ya wali kwa maharage, imefunikwa kwa sahani nyingine, inatoa mvuke. Jane aliibeba kwa kitambaa. Ludovika aliitazama, akanusa.

"Huu ni wali wa kipaimara cha mtoto wa Otto," alisema. "Mwaka jana. Nilikula nimesimama."

Aligeuza sahani ya juu. Chini yake palikuwa na herufi O ya rangi ya kijani. Msamala hakuna mwanamke asiyeweka alama kwenye vyombo vyake, kwa kuwa vyombo vinaazimwa misibani, na msiba ukiisha kila mtu anageuza sahani kutafuta chake. Mke wa Otto aliitwa, akachukua sahani zake mbili, akashukuru. Wali aliula Hironimus, mume wa Ludovika, kabla ya kwenda kazini.

Ikawa hivyo. Kilo moja ikitoka, chombo kimoja kinarudi, na ndani yake mlo uleule uliokuwa umekaa mwilini, wa moto, chumvi yake ileile. Vilianza vya karibuni, vikawa vinarudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Ilirudi sahani ya samaki mbasa wa kukaanga kutoka kwenye harusi ya Majidi. Likarudi bakuli la utumbo wa ng'ombe. Likarudi sinia langu la pilau la Maulidi, ambalo kwa miaka minne nilikuwa nimemsingizia Mwanahawa, jirani wa nyuma. Nililichukua kimya, na Mwanahawa mpaka leo sijamwomba radhi. Watu walipita asubuhi wakienda sokoni, wakauliza, "Langu bado?" Jane akajibu, "Bado, mama, labda wiki ijayo, ameanza kutembea mpaka stendi."

Chakula hakitupwi, kwa hiyo Hironimus alikula. Ludovika alikaa upande wa pili wa meza na kikombe chake cha supu iliyochujwa, akamtazama mumewe akila miaka yake. Hironimus akaongeza tundu kwenye mkanda.

Mwezi wa saba alifikisha mia na thelathini na saba. Alipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam na Jane, akapasuliwa, akarudi baada ya wiki tatu na vidonda vitano vidogo tumboni, kila kimoja urefu wa punje ya muhindi. Mezani kwa daktari hakufa. Vyombo vilivyorudi wakati hayupo vilimsubiri barazani vimepangwa, vyote bado vya moto.

Baada ya hapo maisha yake yakawa ya kijiko cha chai. Wiki za kwanza maji kwa kikombe kile cha dawa ya kikohozi, funda moja, anapumzika, funda lingine. Kisha uji mwepesi, kisha yai lililopondwa. Samaki au maharage kwanza, mboga baadaye, ugali ukipata nafasi, na nafasi haikuwepo. Kutafuna mpaka chakula kiwe maji. Kutokunywa wakati wa kula. Vidonge vya vitamini kila siku hadi mwisho wa maisha. Siku moja alisahau, akamega tonge kama tonge la mtu, akalitumbukiza kwenye mlenda na kulimeza. Lilikaa kifuani nusu saa, kisha likarudi lilikotoka. Hakumega tena. Nywele zilinyonyoka mbele. Magauni yalipunguzwa, yakapunguzwa tena. Wale waliosema amenenepa kwa chakula cha mkwe sasa walisema ana ule ugonjwa.

Mwezi wa kumi na moja mizani ya Iddi ilisoma mia na saba. Kesho yake barazani palikuwa na bakuli la bati la bluu, limebanduka rangi mdomoni, na uji wa ulezi umeishia nusu.

Ludovika hakuligeuza kutazama alama. Alikaa kwenye benchi kando yake.

"La bibi," Jane alisema.

"La bibi. Jumatatu aliyofariki. Alikunywa nusu, akaniambia, malizia mwanangu, uende kazini na nguvu. Nikamalizia nimesimama mlangoni, sufuria za watu kichwani. Hii nilikula. Sikumwambia mtu."

Habari za bakuli zilifika kwa Anjelika kabla uji haujapoa, na uji ule ulichelewa kupoa. Alikuja mchana, akasimama barazani na mwamvuli.

"Wifi, si nilisema?"

"Ulisema hotipoti, wifi."

"Limeanza bakuli, litafuata hotipoti. Tutaliona."

"Tutaliona," Ludovika alisema. "Karibu ukae."

Hakukaa.

Ludovika alitembea zaidi kuliko alivyoagizwa. Alifika hadi stendi, akarudi, akapitiliza. Kilo zilishuka. Mwaka ule wa mwisho wa Bibi Otilia ulirudi barazani chombo kwa chombo: pilau la msiba wa mzee Tomasi, makande ya jumuiya, nyama ya harusi ya Ludewa aliyofungiwa kwenye jani la mgomba. Vyombo sita. Alama za kijani, za bluu, msumari uliokwaruza herufi M. Cha saba kilikuwa chungu cha kisamvu cha mwaka uliotangulia, kabla bibi hajaanza kuugua. Mwaka ulikuwa umepita, na hotipoti halikuwemo.

Jane alipika chai ya kusherehekea. Ludovika hakuigusa.

"Umesafika, mama. Unalia nini?"

"Jumapili nilikuwa siachi chakula," Ludovika alisema. "Jumapili ni siku ya harusi, natoka alfajiri. Nilisema, leo ni zamu ya Anjelika. Nikirudi jioni namuuliza, mama umekula? Ananiambia, nimekula, mwanangu kaleta kuku. Nauliza, hotipoti liko wapi nilioshe? Ananiambia, amelichukua." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kila Jumapili, mwaka mzima. Mimi nalisha watu mia mbili, na yeye yuko humo ndani na maji ya kunywa, anamfichia binti yake aibu."

Jane alimwambia baba yake. Hironimus alisikiliza mpaka mwisho, akasema marehemu wapumzike.

Desemba ilikuja na misa ya kumbukumbu ya Bibi Otilia. Ndugu walianza kufika siku moja kabla, na Anjelika alilala hapo, katika chumba cha nyuma. Mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi, watu wanajiandaa kwenda kanisani, kwenye benchi la barazani palikuwa na hotipoti.

Lilikuwa jeupe, lina maua, na kifuniko kimekaa vizuri. Ndani mlikuwa na kuku wa kuchemsha na wali. Ndugu walijaa barazani, hakuna aliyeshtuka, kwani wote walikuwa wamesikia habari za vyombo na wengine walikuwa wamekula.

"Ndilo hilo," Anjelika alisema. "Jumapili ya mwisho nilileta hilihili. Kuku wa kienyeji, mama alikuwa hali wa kisasa."

Ludovika alikaribia. Uzito wake ulikuwa mia moja kamili, na gauni la misa lilimpwaya mabegani. Aliweka kiganja kwenye wali. Ulikuwa vuguvugu. Aliinua hotipoti kwa mikono miwili, akaligeuza kidogo kutafuta alama, kama inavyofanywa na mwanamke yeyote. Chini palikuwa na herufi A kubwa, ya rangi nyekundu, rangi ya mafuta, ile inayopakwa milango. Alipolirudisha benchini, kidole gumba chake kilikuwa chekundu.

Alikiinua, akakitazama. Wengine pia walikitazama.

"Wifi," alisema, "rangi hii uliipaka lini?"

"Zamani. Mama akiwa hai."

"Miaka tisa."

"Miaka tisa na zaidi."

Mvua iligonga bati. Mjomba mmoja alikohoa. Hironimus alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akatazama uani kwenye kamba ya nguo, ambako mashati yalikuwa yananing'inia tangu Alhamisi.

"Kwa mvua hizi," alisema, "hakuna kinachokauka."

"Kweli," alisema mjomba. "Mwaka huu zimezidi."

"Tule kabla ya misa," alisema Hironimus. "Chakula cha mama kisipoe."

Walikubali wote. Mkeka ulitandikwa, wali ukapakuliwa kwenye sinia, na shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake, si chini sana, kwamba sasa imethibitika, Ludovika alikula mpaka kuku wa Jumapili ya mwisho. Jane alitaka kusema. Mama yake alimshika mkono.

"Niletee birika na beseni," alisema.

Mkamwana ndiye anayenawisha. Ludovika alipita kwa kila mtu, akainama, jambo ambalo mwaka jana magoti yake yasingekubali, akamimina maji ya vuguvugu. Alimnawisha Hironimus. Alimnawisha mjomba. Aliwanawisha mashangazi wawili. Mwisho alifika kwa Anjelika, ambaye alikuwa ameketi na mikono ndani ya kitenge.

"Nitakula kwa kijiko," Anjelika alisema.

"Kijiko nimebaki nacho kimoja tu, wifi, na ni cha dawa yangu. Nawa."

Sinia lilikuwa linasubiri. Watu wote walikuwa wamenawa, mikono imeinuliwa isichafuke, na hakuna aliyeweza kuanza. Anjelika alitoa mkono wa kushoto. Ludovika alisubiri na birika. Akatoa wa kulia, umefumba.

"Fungua, wifi. Maji yanapoa."

Anjelika alifungua. Ludovika alimimina taratibu, kama kwa mtoto, akamimina hadi birika likaisha. Maji yalidondoka kwenye beseni yakiwa safi kama yalivyotoka, kwa sababu rangi ya mafuta haitoki kwa maji, na vidole vitatu vya Anjelika vilibaki vyekundu mbele ya watu wote.