Maganda Yenye Kuvu

"Uozo huo unampa nani?" Mzee Mwandu aliuliza, fimbo yake ikichokoa lundo la maganda ya muhogo.

"Ng'ombe, baba," Tereza akajibu, akimwaga mengine horini. "Ili afike masika."

"Yana kuvu!"

"Ndiyo, baba. Hiyo kuvu ndiyo inayomaliza sumu."

Mzee akacheka kwa dharau. "Hata sisi muhogo wetu wa kuvundika, udaga, tunakwangua kuvu kwanza ndiyo tunakula. Ng'ombe ana kisu?"

Tereza akaendelea kumwaga maganda. Ubishane na baba mkwe wako, wewe nani? Na alikuwa na la kusema, tena jingi. Hapa Sitalike, pembeni mwa hifadhi, ukipanda muhogo mtamu umewapandia nguruwe pori. Kwa hiyo watu wanapanda mchungu, na maganda yake mabichi yanaua. Mama yake alimfundisha kuvundika muhogo mpaka uote kuvu, uchungu utoke. Yeye akajaribu kuvundika maganda anayobeba kutoka kwenye kibarua chake cha kumenya. Akawapa kuku, kisha mbuzi. Wote wazima.

Mzee Mwandu alishuka huku kutoka Usukumani na kundi kubwa la ng'ombe. Ukame ukala nusu, waliobaki wakauzwa kumtibu mwanawe, mume wa Tereza, na mume mwenyewe akafa vilevile. Alibaki ng'ombe huyu mmoja, mwenye mimba, na kiangazi hakikuacha jani lolote nje ya hifadhi. Mzee alimpenda jamani! Alimkuna shingo akimwimbia Kisukuma, kwa sauti laini ambayo binadamu hakuwahi kuipata kwake.

Asubuhi Tereza alipiga goti. "Baba, naenda kibaruani. Chakula chake ni cha kwenye lundo. Haya ya kwenye kiroba bado."

"Nenda tu, mwanangu."

Hakusema kwamba ya kwenye kiroba yanaua. Utamfundishaje Msukuma kinachoua ng'ombe? Si matusi hayo?

Aliporudi, ng'ombe alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, povu puani. Mzee amekaa chini vumbini, amepakata kile kichwa kikubwa. Hori lilikuwa safi, limesuguliwa. Ndani yake vilibaki vipande vya maganda mabichi, vyeupe, bado vina maji. Maskini, alikuwa ameyaosha.

"Ni uozo wako," mzee alisema bila kumtazama. "Jana alikula ule. Leo nimempa masafi kwa mikono yangu hii, nikasema labda atapona. Wapi! Sumu ilikuwa imeshaingia."

Tereza aliyatazama maganda. Akaitazama mikono ya mzee juu ya shingo ya ng'ombe. Akapiga goti.

"Ndiyo, baba. Ni mimi. Nisamehe."

"Kalifukie lundo lako. Lisionekane tena hapa."

Akachukua jembe akachimba shimo nyuma ya nyumba. Alipofunua majani ya mgomba, lundo lilikuwa bado na joto, kuvu imetanda juu yake nyeusi na nene, kama alivyokuwa akiipenda mama yake. Akachukua ganda moja, akalitia mdomoni bila kulikwangua, akatafuna taratibu. Halikuwa na uchungu hata kidogo.

Kule mbele ya nyumba mzee alianza kuimba. Tereza akameza, akavuta udongo kwa jembe, akaanza kufukia.